Mtoto wa mbwa akishikwa na degedege, msikimbilie panga: yaliyonikuta Pongwe, Tanga

Mkulima wa Pongwe (mleta uzi)

Habari za usiku wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika uchungu ukiwa bado mbichi, na nauandika kwa ajili ya mtu atakayekuwa macho usiku, mtoto wa mbwa wake anatapatapa sakafuni, anatafuta kwenye simu maneno ya lugha yake asiyapate. Jumatatu alfajiri mtu huyo alikuwa mimi.

Nina shamba la machungwa na mihogo hapa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Anayelima huku anawajua ngedere. Bila mbwa huvuni, unawalimia wao. Mbwa wangu jike anaitwa Shani, mwaka wa tatu huu analinda shamba. Mwanzoni mwa masika alizaa watoto saba kwenye banda la zana, juu ya udongo mtupu, mahali penye kivuli na unyevu. Watoto walikuwa na matumbo ya duara kama ngoma. Kila aliyepita alisema, "Hawa wanashiba." Na mimi nikaamini wanashiba.

Wiki ya tatu wakafa wawili, mmoja usiku, mwingine kesho yake mchana. Hawakuhara, hawakulia. Walijitenga na wenzao, wakalala, wakapoa. Nikasema ni mvua. Nilipokuwa namzika yule wa pili mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, nikaona fizi zake ni nyeupe kama nyama ya dafu. Nikaona, nikafukia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliona.

Sasa Jumatatu. Watoto wana wiki tano. Nimetoka kuswali alfajiri nasikia kitu kinagonga debe bandani. Kumulika tochi, ni yule mdogo kuliko wote tunayemwita Kidogo. Kichwa kimevutwa nyuma, miguu yote minne inapiga kama anaogelea, taya zinagongana, povu mdomoni, na mkojo umemtoka. Ilidumu kama dakika moja. Ikaisha akabaki amelala macho wazi, ukipitisha mkono mbele yake hapepesi. Baada ya muda mfupi ikaanza tena.

Jirani zangu wawili walikuja. Wa kwanza alisema hicho ni kichaa, lete panga tummalize kabla hajauma mtu. Wa pili alisema katupiwa sumu ya panya. Siwalaumu, huku tumezika watu kwa kichaa cha mbwa na hofu yao ina sababu. Lakini nilimtazama Kidogo, nikakumbuka zile fizi nilizozifukia, nikasema huyu nampeleka mjini kwanza. Nilimfunika gunia bila kusogeza mkono mdomoni kwake, nikamtia kwenye kikapu, nikapanda bodaboda.

Daktari wa mifugo hakuanza na sindano. Alivaa glavu nene, akasubiri mtikisiko utulie, akainua mdomo wa juu akaangalia fizi. Akabonyeza tumbo. Akapima joto, nyuzi 36.1, na mbwa mzima huwa na 38 hadi 39. Kisha akatoboa ncha ya sikio, akaweka tone la damu kwenye mashine ileile wanayotumia wagonjwa wa kisukari. Ikasoma 1.6. Akaniambia mtoto wa mbwa hatakiwi kushuka chini ya 3.3. "Ubongo wake una njaa," akasema.

Alimfunga chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kanga, akaanza kumpa glukosi kwenye mshipa, polepole sana. Wakuu, sijui niseme vipi. Bomba la sindano halijaisha, Kidogo akainua kichwa, akaanza kunitafuta kiganja akidhani ni ziwa la mama yake. Nimezika baba na mama bila machozi mbele za watu. Pale nililia.

Choo chake kikawekwa kwenye darubini na daktari akanisogeza niangalie. Kulikuwa na mayai ya aina mbili. Moja lina ganda jembamba, ndani vijipande vimebanana kama tunda la fenesi ukilipasua. Hilo ni la minyoo ya safura. La pili la duara, jeusijeusi, ganda nene lenye vitobo. Hilo ni la minyoo mviringo ya mbwa. Akapewa dawa ya maji kwa uzito wake, na kesho yake ikatoka minyoo mieupe, imejikunja kama tambi zilizopikwa. Tuliihesabu mpaka 30 tukaacha.

Na hapa ndipo ilipo aibu yangu. Nikiwa mjini na Kidogo, mpwa wangu akataka kuwaokoa waliobaki. Akaenda kwenye duka moja la dawa za mifugo, akauziwa sindano ya ivermektini ya mbuzi na ng'ombe, akavutiwa nusu mililita kwenye bomba, akaambiwa mbwa wote huchomwa hiyo. Akamchoma mmoja, Kahawa, kilo 1.8. Kwa bahati bomba lilikuwa moja tu. Jioni Kahawa alikuwa anayumba, udenda unamtoka, mboni za macho zimefunguka na hata ukimulika tochi hazijifungi. Usiku akalala, na mpaka naandika hapa, siku ya pili, haamki. Anapumua tu.

Kidogo yupo hai. Kahawa sijui. Naomba wenye elimu waniambie: inakuwaje minyoo ya tumboni ikampiga mbwa kichwani? Na Kahawa nimfanyie nini?

Mwana Sahare

Pole sana mkuu. Umenirudisha mbali. Mwaka juzi mbwa wetu pale karibu na diko alizaa watano, watatu wakashikwa na hali hiyohiyo uliyoieleza, kupiga miguu na povu. Tuliwaua kwa kusema ni kichaa. Wote matumbo makubwa, wote fizi nyeupe. Nasoma huu uzi mikono inatetemeka. Naweka kambi hapa.

Daktari Mstaafu

Mkulima, pole, na hongera kwa kumtia kikapuni badala ya kumtia panga. Nimefanya kazi ya mifugo mikoa ya pwani muda mrefu, nitajibu kwa kirefu.

Kwanza Kahawa, maana huyo hana muda. Ivermektini ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mililita, na dozi ya ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Kwa hiyo nusu mililita ni dozi ya ndama wa kilo 25, na aliyepewa ana kilo 1.8. Hata kwa kipimo cha ng'ombe amepata karibu mara 14 ya alichostahili. Dawa hii huua minyoo kwa kupoozesha mishipa yake ya fahamu. Mbwa mkubwa ana ukuta unaozuia dawa isiingie kwenye ubongo, lakini kwa mtoto ukuta huo haujakomaa, basi dawa inaingia na kumfanyia yeye yale iliyotakiwa kumfanyia mnyoo. Dawa ya kuiondoa hatuna. Kuna kumtunza mpaka mwili uitoe wenyewe, na hiyo huchukua siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki. Mgeuze ubavu kila saa tatu au nne, mpake mafuta ya macho maana hapepesi na macho yatakauka, mwekee joto. Usimmiminie uji wala maziwa mdomoni akiwa hajitambui, yataingia mapafuni na ndiyo yatakayomuua. Mrudishe kwa daktari apewe dripu yenye sukari na alishwe kwa mpira. Anayepumua vizuri ana matumaini.

Sasa swali lako. Watu wanadhani minyoo inapanda kichwani. Mara nyingi haipandi. Inakaa tumboni palepale na ubongo unaumia kwa mbali. Mtoto wa mbwa wa wiki nne au tano hana akiba. Ini lake dogo, mafuta hana, misuli hana. Mtu mzima akilala njaa siku nzima ini humtolea sukari kidogo kidogo, lakini mtoto wa mbwa akikosa kula saa chache tu, tena utumbo umejaa minyoo inayogombea chakula naye, sukari inaporomoka. Ubongo hauna ghala, unaishi kwa sukari inayopita kwenye damu dakika hiyo. Ikikata, anaanza kulegea, kichwa kinayumba, misuli inatetemeka, halafu degedege. Na huwa alfajiri, kama ulivyoona, kwa sababu usiku ndio muda mrefu zaidi bila kunyonya, na ndio baridi. Mtoto aliyepoa hata ukimpa maziwa tumbo halisagi. Ndiyo maana daktari wako alimpasha joto.

Safura nayo ina njia yake. Haili chakula, inang'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu, ikihama pale ilipong'ata panaendelea kuvuja. Mnyoo mmoja unaweza kumpotezea hadi sehemu ya kumi ya mililita kwa siku. Ni kidogo ukisikia hivi, lakini weka minyoo 100 kwenye kiumbe cha nusu kilo ambaye damu yake yote haifiki hata robo ya chupa ya soda. Damu ikiisha hewa haifiki kichwani. Huyo huzimia, hupepesuka, huanguka akikimbia. Wale wawili waliokufa wiki ya tatu kimyakimya wenye fizi nyeupe, kwa unavyoeleza, naona safura. Na hapo hata ungepeleka choo huenda usingeona yai, kwa sababu minyoo huanza kunyonya damu kabla haijaanza kutaga. Usijichape sana kwa hilo.

Zipo na njia nyingine. Kuna kutapika na kuhara mpaka chumvi za mwilini zinavurugika, na kuna utumbo kuingia ndani ya utumbo kama mkono wa shati uliokunjwa, ambapo mtoto analegea na kupoteza fahamu. Halafu ndiyo ile wanayoidhania watu, lava (yaani mtoto mchanga wa mnyoo) ya minyoo mviringo kupotea njia na kufika kwenye ubongo, uti wa mgongo au jicho. Ipo, lakini ni nadra sana. Nimefungua maiti nyingi za watoto wa mbwa, nimekuta matumbo yaliyoziba kwa minyoo, ubongo hauna kitu.

Kijana wa Chumbageni

Daktari heshima yako, ila naomba kutofautiana. Mbwa wa mtaani hapa mjini wanazaa kila mwaka, hakuna anayewapa dawa, hakuna anayewapima sukari, na wamejaa. Mbwa ni mnyama mgumu. Nahisi tunawafanya kama watoto wa binadamu.

Mkulima wa Pongwe

Mkuu, mimi nilikuwa na fikra hiyohiyo mwezi uliopita, tena niliisema kwa sauti. Kitu kilichonibadilisha ni kuhesabu. Wale wa mtaani tunaowaona ni waliobaki. Waliokufa wiki ya tatu nani aliwahesabu? Kunguru wamekula au mwenye nyumba kazika. Mimi mwenyewe kama Kidogo asingeanguka, ningekuambia Shani alizaa watano.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Hamjambo wanangu. Marehemu mume wangu alifuga mbwa wa kuwindia nguruwe. Wakati huo dawa za madukani hazikuwepo. Walikuwa wakipewa tumbaku iliyolowekwa, wengine tone la mafuta ya taa kwenye maziwa, na mbegu za papai zilizosagwa. Minyoo ilikuwa ikitoka. Je, daktari, hayo nayo tuyaache?

Daktari Mstaafu

Shikamoo mama. Mbegu za papai sina ugomvi nazo mkubwa, isipokuwa siziamini kumwokoa mtoto ambaye fizi zimeshakuwa nyeupe. Hayo mengine mawili naomba kwa heshima zote yaachwe. Tumbaku ina sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Minyoo hutoka kweli kwa sababu imeleweshwa, lakini mtoto wa mbwa naye analeweshwa, anatetemeka, anashikwa na degedege na kukata pumzi. Mafuta ya taa yakipaliwa yanachoma mapafu. Nimeletewa wengi waliokufa kwa hayo na wenyewe wakisema minyoo ndiyo iliyowaua.

Na tusiwaonee wazee peke yao, sisi wa leo tunafanya mabaya zaidi kwa dawa za kisasa. Piperazini ya unga ya kuku ikizidishwa inaleta kutetemeka na kuyumba. Levamisoli ya mbuzi umbali kati ya dozi na sumu ni mfupi mno kwa mbwa, inaleta udenda, kutapika na degedege. Nikiletewa mtoto wa mbwa anayetikisika swali langu la kwanza ni "Amepewa nini, lini, kiasi gani?" Watu huficha. Msifiche. Leteni chupa.

Mama Barabara ya 12

Shikamoo daktari. Mimi nina swali jingine, limeninyima usingizi tangu nianze kusoma. Jumapili mtoto wa mbwa wa jirani alishikwa na hali kama ya Kidogo, akafa. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amembeba, na alipoanza kutikisika akamkwaruza kwa meno mkononi. Jeraha dogo, limeshaanza kukauka. Kwa haya mnayosema ya minyoo na sukari, nitulie?

Daktari Mstaafu

Marahaba mama. Usitulie. Acha kusoma, nenda hospitali leo hii, usingoje kesho.

Naomba wote msome hapa kwa makini, kwa sababu uzi huu unaweza kumwokoa mbwa na ukamuua mtoto. Kila tulichosema kuhusu sukari hakiondoi kichaa. Watoto wa mbwa nao hupata kichaa. Jeraha la meno, hata mkwaruzo, kwa mbwa aliyekuwa na dalili za kichwa kisha akafa, ni jeraha la kichaa mpaka ithibitike sivyo. Mama, osha hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, hata kama pameshakauka, kisha mpeleke aanze chanjo. Chanjo ikianza kabla ya dalili inaokoa. Dalili zikishatokea kwa binadamu hatuna la kufanya. Mwambie na jirani yako, kama mzoga upo, amwarifu afisa mifugo. Asiuguse kwa mikono mitupu.

Tofauti zake kwa anayeangalia kwa mbali: mtoto aliyeishiwa sukari akipata sukari na joto hurudi kuwa yeye ndani ya muda mfupi, ananyonya, anatingisha mkia. Mwenye kichaa harudi. Anazidi siku hadi siku, sauti inabadilika, taya inalegea, hamezi mate, anauma hata kijiti, na hufa ndani ya siku chache. Lakini hii ni ya kumsaidia daktari, isiwe ya kumhukumu mbwa uwanjani kwako. Ndiyo maana Mkulima alifanya vizuri kutoweka mkono mdomoni. Mtu akiniambia "mwanangu kang'atwa na mbwa mdogo tu," mimi sioni udogo wowote hapo.

Ipo na distempa, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na virusi. Huanza na makamasi na matongo ya macho, kikohozi, kuhara, halafu baadaye, pengine wiki kadhaa, mdomo unaanza kutafuna hewa na mguu mmoja unaruka wenyewe hata akilala. Huyo sukari haimrudishi. Na mara nyingi huyo huyo ana minyoo pia, kwa hiyo kukuta yai kwenye darubini hakumalizi uchunguzi.

Mama Barabara ya 12

Nimetoka hospitali. Ameoshwa, amechomwa ya kwanza, na nimepewa tarehe nyingine za kurudi. Jirani nimemwambia. Mungu akulipe daktari.

Mwana Sahare

Alhamdulillahi. Daktari, minyoo wanaipata wapi watoto wa wiki tatu? Hawali kitu zaidi ya maziwa ya mama.

Daktari Mstaafu

Hapo ndipo kwenye kiini, kijana wangu. Wanaipata kwa mama.

Lava ya minyoo mviringo ikiingia kwa mbwa mkubwa haikui, inajificha kwenye misuli na kulala miaka. Ndiyo maana Shani ukipima choo chake unaweza usikute kitu. Akibeba mimba, kuanzia kama siku ya 42 kati ya siku 63, zile lava zinaamka, zinapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto tumboni. Yaani wanazaliwa nayo. Wakifika wiki tatu minyoo imeshakomaa, na jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 200,000 kwa siku. Safura hupita kwenye maziwa, na pia hutoboa ngozi kutoka kwenye udongo. Udongo wetu wa pwani, wa kichanga, chini ya mwembe wenye kivuli, na mvua ya masika, ndio shamba lake. Ile mistari inayotambaa chini ya ngozi ya miguu ya wanaotembea pekupeku ufukweni ni mara nyingi lava ya safura ya mbwa na paka iliyokosea mwenyeji.

Kwa hiyo ukingoja uone minyoo ndipo utoe dawa, umechelewa. Dawa huanza wiki ya pili ya umri, kisha ya nne, ya sita, ya nane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, na mama yao anapewa pamoja nao. Pirantel, miligramu 5 kwa kila kilo, ni laini kwa watoto dhaifu. Fenbendazoli ni miligramu 50 kwa kilo kwa siku, siku tatu mfululizo. Kwa mama mwenye mimba ipo njia ya kumpa fenbendazoli kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba mpaka siku ya 14 baada ya kuzaa, hiyo huzipata lava zikiwa njiani. Fanyeni hayo mkiwa na daktari wenu, na pimeni uzito kwa mzani. Mzani wa jikoni unatosha. Mkono wa binadamu hauwezi kutofautisha kilo moja na kilo mbili za mtoto wa mbwa aliyevimba tumbo.

Ukikutwa usiku na degedege na daktari yuko mbali: usimpige, usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni. Sogeza vitu vya kumgonga. Mtikisiko ukitulia, na kama ni mbwa unayemjua historia yake na hakuna mbwa mgeni aliyemng'ata, vaa mfuko au glavu, paka asali au maji mazito ya sukari juu ya fizi kwa nje, kidogo kidogo, usimimine. Mpashe joto, safiri.

Binti Muheza

Na banda? Mimi nilikuwa namwaga dawa ya kufulia madoa nikidhani naua mayai.

Daktari Mstaafu

Hayafi kwa hiyo. Ganda la minyoo mviringo linastahimili dawa nyingi na hukaa udongoni miaka. Kinachokusaidia ni muda. Yai likitoka leo haliambukizi leo, linahitaji wiki mbili na zaidi kukomaa, na safura huhitaji kama wiki moja. Okota choo kila siku, tupa shimo la choo, umeshinda. Watoto wa mbwa wakae kwenye sakafu kavu inayopigwa na jua. Na watoto wa binadamu wanaolamba udongo waepushwe na mahali hapo, maana lava ya minyoo mviringo ikiingia kwa mtoto huzurura kwenye ini, mapafu, na ikifika kwenye jicho inaweza kumpofusha.

Mkulima wa Pongwe

MREJESHO. Siku ya tano leo. Tumemgeuza Kahawa usiku na mchana, mimi, mke wangu na mpwa wangu, tumegawana zamu kama wagonjwa wa wodini. Mpwa wangu hajalala kitandani tangu Jumatatu, analala bandani. Leo saa nne asubuhi Kahawa amevuta sikio mke wangu alipoita. Mboni bado kubwa.

Kijana wa Chumbageni

Mkuu, mimi niliyesema mbwa ni mnyama mgumu nimekwenda kwa shangazi Mikanjuni, mbwa wake ana watoto wa wiki tatu. Nimeinua midomo yao mmoja mmoja. Wawili ni weupe. Tunawapeleka kesho asubuhi na mapema.

Mkulima wa Pongwe

Usingoje kesho, ndugu yangu. Wapeleke sasa hivi, wafunge kanga njiani.

Kijana wa Chumbageni

Tumefika nao. Mmoja hakuwahi, amekufa. Aliyebaki amewekewa damu ya mama yake na fizi zimeanza kupata rangi.

Mkulima wa Pongwe

MREJESHO WA PILI. Siku ya tisa. Kahawa amesimama. Anatembea akiegemea ukuta, kichwa kimeinama kidogo kushoto, na asubuhi amekula ugali na mchuzi wa dagaa kwenye kiganja cha mpwa wangu. Anaona, maana alimfuata kuku kwa macho. Wote watano wamepata dozi ya pili kwa mzani. Bandani nimemwaga zege.

Mkulima wa Pongwe

MREJESHO WA MWISHO, mwezi Novemba. Samahani kwa kuufufua uzi. Kidogo sasa ni mkubwa kuliko ndugu zake, yuko Muheza kwa rafiki yangu analinda michungwa. Kahawa nimebaki naye, kichwa kimenyooka. Wote wamechanjwa kichaa walipofika miezi mitatu.

Shani amepandwa tena, tarehe 3. Siku ya 40 itakuwa tarehe 13 Desemba, nimeiandika kwa mkaa ukutani mwa banda, na daktari ameshanipigia hesabu ya dawa kwa kilo 19 alizopima juzi. Mpwa wangu ndiye aliyemshikilia juu ya mzani.